Sangara mnene asiwadanganye wenye mitaji

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, mnunuzi mzoefu humpima sangara kwa jicho kabla ya mzani. Mwenye kichwa kikubwa na mgongo mwembamba humshusha bei; mwenye mgongo mpana na tumbo lililojaa humgombania. Anafanya vyema, kwa kuwa kiwanda hutafuta minofu, si kichwa na mifupa. Lakini wapo wanaovuka mpaka. Wakiona samaki wamenenepa, husema ziwa limejaa, wakakopa fedha na kuongeza mitumbwi. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Tukumbuke kwamba sangara ni mgeni katika ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kila upande. Furu, waliokuwa chakula chake kikuu, walipungua vibaya, naye akageukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Uvuvi mkubwa ulipompunguza katika miaka ya 1990, furu walianza kurudi na sangara akarudia kuwala.

Somo lake ni rahisi. Walaji wakipungua, waliobaki hushiba. Kwa hiyo unene wa samaki unaweza kutokana na upungufu wa samaki wenzake, wala si ushahidi wa wingi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Sangara wa sentimita 50 mwenye kilo 1.25 akifikia kilo 1.5 kwa urefu uleule, ameongezeka asilimia 20. Mnunuzi atafurahi. Lakini ikiwa mtumbwi uliokuwa ukileta samaki 40 sasa unaleta 30, mzigo umeshuka kutoka kilo 50 hadi 45, na mafuta ya injini ni yaleyale.

Iko dalili nyingine ya kuangaliwa: majike wenye mayai wanapoonekana wakiwa wadogo kuliko zamani. Uvuvi unaoondoa wakubwa mfululizo huwaachia nafasi wanaozaa mapema, na mabadiliko hayo yameonekana kwa sangara wa Victoria. Samaki wa namna hiyo anaweza kuwa mnene, lakini mabondo na minofu yake havitalingana na vya mkubwa.

Ushauri wetu kwa wenye mitaji midogo ni kuwa na daftari la safu tatu kwa kila safari: idadi, urefu na uzito. Vyote vikipanda kwa miezi kadhaa, wekeza. Uzito wa samaki mmoja mmoja ukipanda huku idadi ikishuka, chukua faida ya minofu lakini usinunue mtumbwi mwingine. Na aliye chini ya sentimita 50 mwache majini, hata akiwa mnene namna gani. Huyo ndiye mtaji wa mwakani.