Fangasi ni Ugonjwa, si Aibu



Katika darasa letu moja upande wa Ruangwa alikuwapo mama mmoja hodari wa kusoma. Ghafla akaacha kuja. Wiki ya tatu nilimkuta njiani. Kwa kuwa mimi pia ni mwanamke, hakunificha.

"Mwalimu, nimerudi kwa baba," aliniambia. "Mume wangu amenifukuza."

Mama huyo alikuwa anawashwa sehemu za siri. Alikuwa pia anatokwa na uchafu mweupe. Mume wake alisema ugonjwa huo ameupata kwa mwanamume mwingine.

Baadaye mama alikwenda zahanati akapimwa. Hakuwa na ugonjwa wa zinaa. Alikuwa na fangasi. Siku chache kabla ya kuwashwa alikuwa amekunywa vidonge vya rangi mbili vya dukani, kwa ajili ya kikohozi. Alipewa dawa ya fangasi, akapona. Lakini nyumba yake ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Mimi nasema nyumba ile haikuvunjwa na fangasi. Ilivunjwa na kutokujua.

Fangasi hii ni nini?

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tunayajua mabibo. Ukikamua maji ya mabibo na kuyaacha, yanaanza kutoa povu. Yanakuwa uraka. Nani ametia kitu? Hakuna. Chachu ilikuwapo tangu mwanzo, juu ya ganda la bibo. Ilipopata sukari na joto iliongezeka.

Fangasi ya sehemu za siri ni chachu ya namna hiyo. Jina lake ni kandida. Watu wengi wazima wanaishi nayo mdomoni, tumboni na ukeni, wala haiwadhuru. Vijidudu vingine vilivyo mwilini huizuia isizidi. Ugonjwa huja pale inapozidi.

Yapo mambo yanayoifanya izidi. Vidonge vya kuua bakteria huua pia vijidudu vile vinavyotulinda. Mimba, ugonjwa wa kisukari na virusi vya UKIMWI navyo huipa kandida nafasi. Kati ya wanawake 4, wapatao 3 huugua fangasi hii angalau mara moja katika maisha yao. Je, wote hao wametoka nje ya ndoa? Hapana.

Tuzijue dalili

Mwanamke huwashwa, huona maumivu akikojoa, na hutoka uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando. Mara nyingi hauna harufu kali. Mwanamume naye anaweza kuwashwa na kuwa mwekundu kichwani mwa uume. Mtoto mchanga huota utando mweupe mdomoni. Unafanana na maziwa, lakini haufutiki kwa urahisi. Usiukwangue. Mpeleke mtoto zahanati.

Uchafu ukiwa wa njano au wa kijani, ukinuka vibaya, au kukiwa na vidonda, homa au maumivu chini ya kitovu, huenda ni ugonjwa mwingine. Pengine ni wa zinaa. Macho peke yake hayatoshi kuamua. Vipimo ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo mume na mke waende zahanati pamoja, bila kulaumiana.

Tufanye nini?

Dawa zipo. Mwanamke hupewa vidonge vya kuweka ukeni. Mtoto hupewa dawa ya maji ya kutia mdomoni. Maliza dawa yote uliyopewa. Mwenye mimba amweleze muuguzi kwanza kabla ya kutumia dawa yoyote. Fangasi ikirudi mara kwa mara, au mtu mzima akiota utando mdomoni, apime sukari na virusi vya UKIMWI.

Usijiingizie ndimu, chumvi, majani wala sabuni ya unga. Vitu hivyo huchubua. Osha sehemu ya nje tu kwa maji safi. Vaa nguo za ndani za pamba zilizokauka vizuri. Wengi wetu tunazianika ndani gizani kwa sababu ya aibu. Zianike juani. Tena usinywe vidonge vya rangi mbili kwa kila kikohozi. Ngoja uandikiwe.

Jihadhari pia na wauza dawa wa mnadani. Wao husema kila uchovu na kila maumivu ya kichwa ni fangasi, na kwamba dawa yao itaifuta yote mwilini. Haiwezekani kuifuta yote, wala haina haja. Usiuze korosho zako kwa ajili ya chupa hiyo.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya unyago, si ya darasani. Nawaheshimu makungwi, na ningependa nao wafundishe haya. Lakini unyagoni mume hayupo. Aliyemfukuza mama yule ni mwanamume.

Tukumbuke mwaka 1973. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wanaume kwa wanawake. Walisikiliza redio, wakasoma, wakazungumza hata habari za choo. Kisha vyoo vikachimbwa. Kama wazee wetu waliweza kuzungumza habari za choo mbele ya wakwe zao, sisi tunashindwaje kuzungumza habari za fangasi?

Mama yule amerudi darasani. Kwa mume wake hajarudi. Ndugu mwanamume unayesoma ukurasa huu, msomee mke wako leo jioni. Asiyejua kusoma nyumbani mwako naye asikie.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mama yule alipata fangasi?
2. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba huenda si fangasi?
3. Ungekuwa wewe ndiye mume, ungefanya nini kwanza?