Nota za Nyimbo Zina Mwenyewe

Nyingi kati ya nota zinazotumiwa na kwaya zetu zimetolewa vivuli bila mtunzi kuombwa. Nyingine hata jina lake limefutwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nchini Tanzania humlinda mtunzi tangu anapoandika kazi yake, hata kabla ya kuisajili COSOTA, na ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Mjane na yatima wake wamo humo. Wapo wasemao kwamba wimbo wa kumsifu Mungu ni wa wote. Kuusali, naam, bali kuurekodi na kuuza albamu bila ridhaa ya aliyeutunga, hapo tunaigusa amri ya saba. Tunaziomba kamati za kwaya zimwandikie mtunzi kabla ya kuingia studio.