Simu ya Mkononi Katika Tiba ya Uraibu

Mgonjwa anayetibiwa kwa methadoni hufika kliniki kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kisha huenda zake. Tuchukulie kwamba shughuli hiyo, pamoja na mazungumzo mafupi na mshauri, humchukua dakika 30. Siku nzima ina dakika 1440. Kwa hiyo dakika 1410 mgonjwa huyo huzipitisha mbali na macho ya tiba, na ni katika dakika hizo ndimo vinamopatikana vishawishi vyote: maskani alikozoea kukaa, rafiki wa zamani, ugomvi wa nyumbani, upweke wa usiku.

Swali linalojadiliwa siku hizi na wataalamu wa afya wa nchi nyingi ni kama simu ya mkononi, chombo ambacho mgonjwa hutembea nacho mfukoni, inaweza kuwa msaada katika saa hizo. Wako wanaoitarajia mno, wakadhani kwamba programu ya simu itaziba pengo la waganga na washauri. Wako pia wanaoikataa kabisa, kwa hoja kwamba simu ndiyo hiyo hiyo inayomkutanisha mraibu na muuza unga. Makundi yote mawili yanakosea kwa njia moja, kwani yanaitazama simu yenyewe na kusahau nani yuko upande wa pili wa mawasiliano. Simu inasaidia pale inapomfikisha mgonjwa kwa mtu. Pale inapowekwa badala ya mtu, manufaa yake hupungua sana.

Hamu hutoka wapi?

Ili hoja hii ieleweke, hapana budi kwanza kufahamu uraibu ni nini. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ikiingia mwilini hufika ubongoni upesi, hugeuka kuwa mofini, na kujishika kwenye vipokezi vya chembe za neva. Matokeo yake ni kuongezeka kwa dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kujifunza kwamba jambo fulani lina faida na lafaa kurudiwa. Matumizi yakiendelea, mwili huzoea. Kiasi kile kile hakitoshi tena, na kikikosekana mtumiaji hupatwa na maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Hali hiyo vijana wa mitaani huiita arosto. Methadoni hujishika kwenye vipokezi vile vile, ila hufanya kazi polepole na kwa muda mrefu, hata dozi moja kwa siku hutosha kuzuia arosto pasipo kumlevya mgonjwa aliyekwisha kuizoea.

Lakini arosto ni sehemu moja tu ya tatizo. Wanafunzi wa biolojia wanamkumbuka Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, na mbwa wake waliodondokwa na mate kwa kusikia tu ishara iliyozoea kutangulia chakula. Ubongo wa mraibu umejifunza vivyo hivyo. Kichochoro alichonunulia unga, sauti ya mtu waliyetumia pamoja, au hata fedha zilizoingia mkononi, vyote vimekuwa ishara, na ishara huamsha hamu hata kama mwili hauna tena arosto. Ndiyo maana mtu aliyeacha kwa miezi mingi katika nyumba ya upataji nafuu aweza kurudi mtaani kwao akatetereka siku ya kwanza.

Hamu hiyo ina tabia moja yenye manufaa: aghalabu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, mfano wa wimbi. Mtu akisaidiwa kuvuka kilele bila kutumia, amejipatia ushindi. Akishindwa, hatari ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwili uliokaa mbali na heroini hupoteza uzoevu wake, na kiasi ambacho zamani mtu alikihimili kinaweza sasa kumkatiza pumzi na kumwua. Kwa hiyo msaada unaofika wakati wa kilele unaweza kuokoa maisha, na msaada unaofika kesho yake unaweza kumkuta amekwisha kufa. Hapo ndipo thamani ya simu inapoonekana, kwa kuwa daktari hayuko kichochoroni, bali simu iko.

Majaribio yanasema nini?

Sayansi haitosheki na matumaini, hutaka kipimo. Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio lililofanywa Uingereza kwa wavutaji wa sigara 5800 waliotaka kuacha. Nusu yao walipelekewa ujumbe mfupi wa maandishi wa kuwatia moyo, mara tano kwa siku katika wiki tano za mwanzo, na aliyeshikwa na hamu aliweza kutuma neno moja na kujibiwa papo hapo. Nusu nyingine walipata ujumbe usiohusu uvutaji. Baada ya miezi sita, asilimia 10.7 ya kundi la kwanza walithibitishwa kwa vipimo kuwa wameacha, na katika kundi la pili ni asilimia 4.9 tu.

Tarakimu hizo zina mafunzo mawili, na mwalimu wa hisabati aweza kuzitumia darasani. La kwanza ni kwamba ujumbe mfupi, ambao gharama yake ni ndogo mno, uliongeza mafanikio zaidi ya maradufu. La pili ni kwamba kati ya kila watu 100 waliosaidiwa, karibu 89 hawakufanikiwa. Anayetaja funzo la kwanza na kuficha la pili anauza bidhaa. Anayetaja la pili na kuficha la kwanza anawanyima wagonjwa msaada.

Jaribio jingine, lililochapishwa Marekani mwaka 2014, liliwahusu watu 349 waliokuwa wakitoka katika vituo vya tiba ya pombe. Baadhi yao walipewa simu zenye programu iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Programu hiyo ilimwonya mtu alipokaribia mahali ambapo yeye mwenyewe alipataja kuwa ni pa hatari kwake, ilimpa kitufe cha kuomba msaada, ilimkutanisha na wenzake wanaopona, na ilimpelekea mshauri wake taarifa za hali yake. Waliopewa simu walikuwa na wastani wa siku 1.39 za unywaji wa hatari katika siku 30, na wasiopewa siku 2.75. Msomaji azingatie vilivyomo katika chombo hicho: onyo, kitufe, wenzake, mshauri. Karibu kila kimoja kinamwelekeza mgonjwa kwa binadamu mwingine.

Kuna pia mfano wa kutahadharisha. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya simu iitwayo reSET, ambayo daktari aliweza kumwandikia mgonjwa kama anavyoandika dawa, itumike wiki 12 sambamba na tiba ya kawaida. Kampuni iliyoimiliki, Pear Therapeutics, iliomba kufilisika mwezi Aprili 2023. Nchi ambayo ingeitundika huduma yake yote kwenye programu ya namna hiyo ingejikuta siku moja wagonjwa wake hawana pa kushika.

Mazingira ya hapa

Tanzania haianzi kutoka sifuri. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwezi Februari 2011. Huduma hiyo baadaye ilienea Mwananyamala na Temeke, na kufika mikoa mingine ikiwemo Mbeya, Dodoma na Mwanza. Kinachofaa kuongezwa sasa ni uzi wa kuiunganisha kliniki na nyumbani, na uzi huo si lazima uwe wa gharama.

Tuchukue jambo la kukosa dozi. Mgonjwa akikosa methadoni siku kadhaa mfululizo, uzoevu wake hushuka, naye hawezi kurudishiwa dozi ya zamani bila kupimwa upya, kwani yaweza kumdhuru. Tena siku hizo alizokosa ndizo ambazo huenda akarudi kwenye unga. Ikiwa orodha ya mahudhurio iko kwenye kompyuta, kliniki inaweza kumjua asiyefika jioni ya siku ile ile ya kwanza. Ujumbe ukatumwa, asipojibu, mwelimishaji rika anayemfahamu akampigia, asipopatikana, akafuatwa maskani. Katika mpango huo kompyuta imefanya kazi yake ya kuhesabu, na binadamu amefanya kazi yake ya kutafuta binadamu mwenzake.

Mpango wa aina hii una masharti manne. Kwanza, utumie ujumbe wa kawaida unaopokelewa hata na simu ndogo za kitochi, kwa Kiswahili chepesi, na kumpigia mshauri kuwe bure. Programu inayodai simu janja na kifurushi cha intaneti itawaacha nje wale wale wanaoihitaji zaidi. Pia hapana budi kukumbuka kwamba mtu mwenye arosto huweza kuiuza simu yake ili apate unga. Kwa hiyo, kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, iandikwe pia namba ya mama, ndugu au jirani anayemwamini.

Pili, siri ilindwe. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa, na matumizi ya heroini ni kosa la jinai. Ujumbe unaosema "umekosa methadoni leo" unaweza kumfukuzisha mtu kazi au kumvunjia ndoa. "Habari za jioni, tunakusubiri kesho" unatosha. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni moja iliyowahudumia waraibu wa pombe kwa njia ya mtandao, kwa sababu ilizitoa taarifa zao za afya kwa makampuni ya matangazo bila ridhaa yao, ilhali ilikuwa imewaahidi siri. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa mpango wowote wa namna hii, isije ikatafutwa baada ya madhara.

Tatu, pawepo mtu wa kujibu. Kumwambia mgonjwa "tuma neno moja ukishikwa na hamu", kisha neno lake likakaa hadi asubuhi bila jibu, ni vibaya kuliko kutomwahidi kitu. Fedha za kuwalipa washauri na waelimishaji rika zitengwe kabla ya fedha za mitambo.

Nne, matokeo yapimwe kwa kulinganisha, kama walivyofanya watafiti wa Uingereza na Marekani. Kilichofaa kwa wavutaji wa sigara wa Uingereza au wanywaji wa Marekani hakina hakika ya kuwafaa watumiaji wa heroini wa Temeke. Vyuo vikuu vya hapa vina wataalamu wa takwimu, wa tiba na wa kompyuta. Kazi hii ni yao, na mwenye kumiliki chombo kitakachotokana nayo awe ni umma.

Hoja ya wanaopinga, kwamba simu huleta pia muuza unga, ni ya kweli, na haipaswi kupuuzwa. Baadhi ya wanaopona hubadili namba zao makusudi ili kukata uhusiano wa zamani, na mpango mzuri utawasaidia kufanya hivyo bila kupotea kwenye orodha ya kliniki. Lakini ukweli huo hauwi sababu ya kuiacha simu yote mikononi mwa muuzaji. Ikiwa yeye anajibu usiku wa manane, na huduma ya afya haijibu, hakuna haja ya kuuliza ni nani atakayeshinda.

Kazi ya shule

Walimu na wanafunzi wana sehemu yao. Somo la biolojia laweza kueleza vipokezi na dopamini, ili kijana aelewe kwamba uraibu ni maradhi yanayotibika na kwamba ubongo uliojifunza jambo unaweza kujifunza jingine. Somo la kompyuta laweza kuwapa wanafunzi zoezi la kubuni orodha ya mahudhurio itumiayo alama za siri badala ya majina. Somo la uraia laweza kujadili mpaka kati ya kumsaidia mgonjwa na kumpeleleza. Na katika masomo yote, neno "teja" liondolewe vinywani. Katika kila shule yumkini yupo mwanafunzi ambaye kaka yake, au mzazi wake, asubuhi hii amepanga foleni kwenye dirisha la methadoni. Mwanafunzi huyo akisikia maradhi hayo yakielezwa kwa heshima, huenda jioni akawa yeye ndiye mtu wa kwanza kuupokea ujumbe wa kliniki na kumwambia ndugu yake, "Twende, nitakusindikiza."