Judo: Sababu gani watoto wawili wa Bukavu walipigana Olimpiki bila bendera ya Congo?

Tangu Congo ifike kwenye Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza, mwaka 1968, inchi haijarudisha hata medali moja. Paris 2024 pia ilikuwa vile vile. Lakini judo ya Congo ilishajulikana duniani kwa njia ingine, na njia ile ilianzia hapa Kivu ya Kusini.

Popole Misenga na Yolande Mabika wote wawili ni wazaliwa wa Bukavu. Vita iliwatenganisha na familia zao wakiwa bado watoto, wakajikuta Kinshasa. Kule ndiko walijifunza judo. Mwaka 2013 walienda Rio de Janeiro, Brazil, kwa mashindano ya dunia wakivaa rangi za Congo. Hawakurudi. Waliambia waandishi wa habari kama walikuwa wanafungiwa kisha kushindwa, na kule Rio waliachwa bila pasipoti, bila franga, bila chakula. Wakaomba ukimbizi.

Mwaka 2016 wakaingia katika ekipe ya kwanza ya wakimbizi, watu 10 tu. Tarehe 10 Agosti Mabika alishindwa katika pambano lake la kwanza, kilo 70. Misenga, kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akaangushwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, bingwa wa dunia. Uwanja mzima ulikuwa unamshangilia. Alirudi tena Tokyo, lakini akatoka pambano la kwanza.

Sasa, kijana wa Lubondja ajifunze nini hapo? Wengine watasema: basi, kukimbia ndiyo njia. Hapana. Ekipe ile inapokea tu mtu mwenye kutambuliwa kuwa mkimbizi inje ya inchi yake. Kijana wa Fizi mwenye kuvuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, anaweza kufikiriwa. Ndugu yake mwenye kukimbia kijiji kimoja mpaka kingine, bado ndani ya Congo, hana fasi pale. Kwake mlango ni mumoja: shirikisho la taifa na kamati ya Olimpiki ya Congo.

Na mlango ule ni muzito. Katika judo, fasi ya Olimpiki inatafutwa kwa pointi, na pointi zinapatikana kwenye mashindano ya inje. Ni tikiti ya ndege, viza, hoteli, mara kwa mara. Nguvu ya mikono peke yake haitoshi.

Misenga hakupata mwili mupya Brazil. Alipata mwalimu, tatami, chakula na watu wa kumuheshimu. Kama vitu vile vinne havitafika mpaka Bukavu, Baraka na Fizi, watoto wa huku wataendelea kushangiliwa chini ya bendera isiyo yao.