Chombo Kijulikanacho Fundi Wake

Mtu akitajiwa mapambo ya nyumba kutoka Uingereza, aghalabu fikira yake huelekea kwenye maduka makubwa ya London, au kwenye vikombe vya chai vyenye maua ya waridi vilivyofungiwa kabatini visitumiwe ila na mgeni wa heshima. Juma hili twapenda kuzungumzia upande mwingine usiojulikana sana kwetu: mafundi na wabunifu huru wa nchi hiyo, ambao hubuni vitu vya nyumbani kwa fikira zao, wakavitengeneza katika karakana ndogo, kisha wakaviuza kwa majina yao wenyewe.

Watu hawa si wachache. Tangu mwaka 1985, London huwa na maonyesho yaitwayo New Designers, ambapo vijana waliohitimu vyuoni huonyesha kazi zao za kwanza. Na kuanzia 2003, kila mwezi wa Septemba hufanyika tamasha la ubunifu la jiji hilo. Hata hivyo, mengi yaliyo bora hayatoki jijini. Hutoka katika miji midogo, visiwani na mabondeni, mahali ambapo kazi ya mkono haijakatika.

Tutazame mfano wa ufinyanzi. Katika mji wa pwani wa St Ives, huko Cornwall, Bernard Leach pamoja na Mjapani Shoji Hamada walifungua karakana yao mwaka 1920, wakajenga tanuri la kupanda mlima kama yajengwavyo Japani. Karakana hiyo ingalipo na ingali inafinyanga. Hazitengenezwi pale sanamu za kuwekwa ukumbini, bali mabakuli, vikombe na sahani za kulia kila siku. Kwa desturi yao, chombo hupigwa muhuri wa karakana na pia alama ya mfinyanzi mwenyewe. Ukikipindua kikombe, wajua ni mkono wa nani uliokifanya.

Mfano mwingine ni Emma Bridgewater. Alitafuta kikombe cha kumtunza mama yake siku yake ya kuzaliwa, asikione dukani cha kumridhisha; akaazimia kukibuni mwenyewe. Mwaka 1985 alianzisha kazi yake Stoke-on-Trent, mji uliokuwa mashuhuri kwa ufinyanzi lakini viwanda vyake vikifungwa kimoja baada ya kingine. Nakshi za vyombo vyake hupigwa kwa vipande vya sifongo vilivyokatwa kwa mkono, kikombe baada ya kikombe. Hivyo, haja ya binti kwa mama yake ikawa sababu ya riziki ya mafundi wengi.

Katika vitambaa, mambo ni ya kustaajabisha zaidi. Kitambaa cha sufu kiitwacho Harris Tweed, kinachotumika kwa mavazi na pia kwa foronya za mito na kuvika makochi, kinalindwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1993. Sheria hiyo yataka sufu yake itiwe rangi na kusokotwa katika visiwa vya Outer Hebrides, na kitambaa kifumwe kwa mkono na wenyeji, majumbani mwao. Kisichotimiza masharti hayo hakina haki ya kuitwa jina hilo. Huko Wales nako kuna kiwanda cha mablanketi cha Melin Tregwynt, kilichokuwa mikononi mwa familia moja tangu 1912, na ambacho mwaka 2022 kiliingia katika umiliki wa wafanyakazi wake wenyewe.

Na tusidhani kwamba mambo haya yote ni mageni kwetu. Mbunifu Bethan Gray, mzaliwa wa Wales, alishirikiana na mafundi wa karakana ya Shamsian iliyoko Maskati. Katika ushirikiano huo zilipatikana meza na makabati yaliyopambwa kwa mbao nyembamba zenye rangi, zilizopachikwa kwa mkono. Nakshi mojawapo iliigwa kutoka matanga ya majahazi yakijaa upepo, na nyingine kutoka kingo za ngome ya Nizwa. Matanga hayo ndiyo yaliyowaleta wazee wengi katika bandari zetu. Wala jambo hili halikuanza leo. William Morris, aliye kama baba wa ubunifu wa kazi za mkono Uingereza, ndiye aliyelishauri jumba la makumbusho la London, mwaka 1893, linunue zulia la Ardabil, lililofumwa Uajemi katika karne ya 16.

Sasa, yatupasa nini sisi wenye nyumba? Kwanza, tuangalie kimetengenezwa kwa nini kile tukinunuacho au tukiletewacho zawadi na jamaa zetu walioko ng'ambo. Iko kaure nyepesi, yenye kupenya mwanga, iliyopata sifa yake Stoke mwishoni mwa karne ya 18. Katika mchanganyiko wake wa asili, karibu nusu ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hilo kwa njia mbalimbali, na anayetaka utulivu wa moyo amuulize mwanachuoni anayemwamini. Vyombo vya udongo wa kawaida, kama vya Leach na Bridgewater, havina majivu hayo. Aidha, baadhi ya vyombo na vitambaa vyao vina picha za ndege na wanyama. Asiyezipenda nyumbani mwake atapata vingi vya maua, majani na mistari.

Pili, tuzingatie bei. Kazi ya mkono ni ghali, na juu yake huja nauli na ushuru wa forodha. Hatumshauri mama yeyote akope ili apambe sebule, kwani uzuri wa nyumba hauwi uzuri ukiwa umeibana karo ya watoto. Kitu kimoja kilichochaguliwa kwa utulivu, kinachotumika kila siku kwa miaka mingi, chatosha kuliko seti nzima iliyofungiwa kabatini.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tujiulize mafundi wetu tunawawekaje. Wafumaji wa Hebrides wana sheria inayolinda jina lao. Mama wa kwetu asukaye mkeka wa miyaa, au fundi wa Lamu anayeshona kofia ya viua kwa wiki nyingi, hana hata kikaratasi chenye jina lake. Tunafika kwake tukiwa na fedha ya kulipa bei aliyoitaja, kisha twamvuta hadi apunguze nusu. Ilhali dukani, mbele ya zulia la plastiki lililopigwa chapa kwa mashine, tunalipa bila ya neno.

Basi tuanze kwa dogo. Safari ijayo tununuapo mkeka, kikapu au kofia, tumuulize muuzaji jina la aliyeitenda kazi hiyo, na tulihifadhi. Tumlipe haki yake bila ya kumdhalilisha. Mgeni akisifu sebuleni mwetu, tuwe na jina la kumtajia na mahali pa kumwelekeza, ili fundi apate mteja mwingine. Mabinti zetu wakisikia majina hayo yakitajwa kwa heshima, huenda nao wakatamani kujifunza kusuka na kudarizi, badala ya kuona kwamba kazi hizo ni za waliokosa la kufanya.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, na awabariki mafundi katika kazi za mikono yao. Amin.