Kabla Hujalipia Kadi ya Kompyuta

Mwezi huu naziweka kando habari za homa na chanjo. Sababu ni kwamba akina mama watatu wa kikundi chetu wameniuliza swali linalofanana, na kila mmoja aliliuliza fedha zikiwa tayari mkononi.

Wa kwanza ana kijana wa kidato cha tano anayedai kwamba kompyuta ya nyumbani haifai mpaka inunuliwe "kadi". Wa pili aliambiwa dukani kwamba akipachika kadi fulani ndani ya kompyuta, ataangalia taarifa ya habari bila kununua runinga. Wa tatu alihakikishiwa na muuzaji mwingine kwamba kadi hizo mbili ni kitu kimoja. Fedha wanazotaka kutumia ni za mchezo, zile tunazochangiana kila mwezi hadi zamu ya mtu ifike. Zamu ikipita, ni kusubiri miezi mingi. Kwa hiyo swali lao si dogo.

Nianze na la mama wa tatu. Kadi hizo si kitu kimoja hata kidogo. Kadi ya grafiki, ambayo wengine huiita kadi ya picha, kazi yake ni kuchora. Kompyuta hufanya hesabu, na kadi huzigeuza hesabu hizo kuwa nukta za rangi kwenye kioo. Kioo cha kawaida cha siku hizi, cha nukta 1920 kwa 1080, kina nukta zaidi ya milioni 2, na picha yake huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Kadi ya tyuna, yaani kadi ya runinga, haichori kitu. Hiyo hupokea mawimbi kutoka kwenye antena, huchagua stesheni, kisha huikabidhi kompyuta. Ya kwanza ni mchoraji, ya pili ni tarishi. Ukimwajiri mchoraji ili akuletee barua, utangoja sana.

Mkanganyiko huu una asili yake. Mwaka 1996 kampuni ya ATI ilitoa kadi iliyoitwa All-in-Wonder, iliyofanya kazi zote mbili kwenye ubao mmoja. Familia ya kadi hizo iliendelea hadi mwaka 2008, ATI ikiwa imekwisha kununuliwa na AMD. Baada ya hapo kila kazi ikarudi kwenye kadi yake. Anayekuambia leo kwamba kadi ya grafiki "inaleta na TV" labda anakumbuka hizo, au anataka tu kuuza.

Sasa kijana wa kidato cha tano. Hospitalini hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumuuliza kinachomsumbua, na hapa vivyo hivyo. Muulize: unataka kufanya nini ambacho kompyuta imeshindwa? Akisema kuandika, kusoma vitabu vya PDF, kufanya mahesabu ya jedwali, au kuangalia masomo ya video, hahitaji kadi. Tangu mwaka 2011 prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani zina mchoraji wake ndani, na kwa kazi hizo anatosha kabisa. Ikiwa kompyuta ni nzito kuamka na inachelewa kufungua kila kitu, mara nyingi tatizo ni diski ya zamani au kumbukumbu ndogo. Fedha hizo zikinunua SSD na kuongeza kumbukumbu, mtoto ataona tofauti siku hiyo hiyo. Kadi ya grafiki haiongezi kasi ya intaneti pia, ingawa nimesikia hata watu wazima wakiapa kwamba inaongeza.

Lakini akisema anajifunza kuchora majengo ya pande tatu, au anahariri video za harusi kwa malipo, mskilize vizuri, kwani hapo kadi ina kazi. Michezo mikubwa ya kompyuta nayo inaihitaji; kama ndiyo sababu yenyewe, basi aseme wazi kuwa ni mchezo, nanyi mwamue kama familia. Ipo pia hali moja ambayo kadi ni lazima. Zipo prosesa zisizo na mchoraji ndani: za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F, na nyingi za Ryzen za mezani zilizotoka kabla ya familia ya 7000 ya mwaka 2022, isipokuwa zile zenye herufi G. Kompyuta ya namna hiyo bila kadi haitaonyesha kitu kwenye kioo, hata iwe mpya.

Ikiwa mmekubaliana kwamba kadi inahitajika, bado msiende dukani. Sisi wauguzi tunapompa mtoto dawa, dozi hufuata uzito wake. Kadi nayo hufuata nguvu ya paua saplai, kile kisanduku kilicho nyuma ya kompyuta ambamo waya wa umeme huchomekwa. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu ni zile zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, nyembamba, zinazokaa vizuri mezani. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Ile nyembamba ina paua saplai ya wati 240 tu, na kasha lake halipokei kadi ndefu kwenda juu. Inataka kadi fupi, na kibati cha kuishikia kiwe kifupi pia. Tundu ambamo kadi huchomekwa, linaloitwa PCI Express x16, hutoa wati 75 kwa kikomo. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huhitaji waya wake wa pekee kutoka paua saplai, na kompyuta nyembamba za ofisini mara nyingi hazina waya huo. Kuna kadi za kiasi kama GeForce GT 1030, inayotumia wati 30. Kuna na majitu kama RTX 4090, yenye kutaka wati 450 peke yake. Kijana akikuletea jina la kadi, kitu cha kwanza kutafuta ni wati zake, na cha pili ni urefu wake. Bei ije ya tatu.

Halafu kuna mtego wa majina. GT 1030 hiyo hiyo ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina lile lile, nayo ikiwa na GB 2 vilevile, lakini kumbukumbu yake ni DDR4. Ile ya kwanza hupitisha data GB 48 kwa sekunde, ya pili hupitisha chini ya 17. Ukilinganisha GB za kwenye boksi tu utadhani ni mapacha. Soma maandishi madogo, au mwombe fundi akusomee mbele ya muuzaji. Na kama kazi ya kijana ni kuhariri video, ajue kwamba kadi hiyo, ya aina zote mbili, haina ile sehemu inayosaidia kuhifadhi video kwa haraka. Kwa kazi ya harusi haimfai.

Kibaya zaidi ni kadi za kughushi. Kumekuwa na kadi za zamani kama GTS 450 zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili kompyuta izitambue kama GTX 1050 Ti, ambayo ni mpya kwa miaka sita. Boksi zuri, stika nzuri, na kompyuta yenyewe inadanganyika. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo tangu mwaka 2018 huweza kutambua nyingi kati ya hizo na kuandika wazi kuwa ni bandia. Mwambie muuzaji kwamba fundi wako ataiendesha kwanza, ndipo ulipe. Akikataa, mwachie kadi yake.

Ukisha kuipachika, waya wa kioo uchomekwe kwenye kadi yenyewe na si pale ulipokuwa zamani kwenye ubao mama. Nimeona kadi nzima ikirudishwa dukani kwa kuitwa mbovu, kumbe ilikuwa haijaunganishwa na kioo.

Twende kwa mama wa pili, yule wa taarifa ya habari. Huyu ndiye niliyemwonea huruma zaidi, maana alikuwa amebakiza siku moja tu kulipa. Kadi za tyuna zilizojaa kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika zilitengenezwa kwa ajili ya matangazo ya analojia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu. Kenya ikafuata mwaka 2015, mwaka ambao makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliuweka kuwa kikomo kwa nchi nyingi. Kadi ya analojia ukiichomeka leo, kompyuta inaweza kuitambua vizuri, programu ikafunguka, na utafutaji wa stesheni ukaenda toka mwanzo hadi mwisho. Utaletewa chenga tupu. Muuzaji hakudanganya aliposema ni nzima. Kadi ni nzima. Kilichokufa ni matangazo.

Zipo kadi za kidijitali, lakini nazo zina vizingiti. Za mwanzo ni za mfumo wa DVB-T. Kiwango kipya cha DVB-T2 kilichapishwa mwaka 2009, nacho ndicho kinachotumika kwenye mitambo mingi ya ukanda wetu, na kadi ya DVB-T haiwezi kukisoma. Tena stesheni za kulipia zimefungwa kwa kadi ndogo ya kwenye king'amuzi, na tyuna nyingi hazina mahali pa kuiweka. Hata Windows yenyewe iliacha kusaidia: ile sehemu yake ya kuangalia runinga, Media Center, iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2015.

Kwa hiyo nilimshauri anunue king'amuzi cha kawaida chenye tundu la HDMI na kukiunganisha moja kwa moja na kioo cha kompyuta, ikiwa kioo hicho kina tundu la namna hiyo. Kompyuta haihitaji hata kuwashwa, na umeme unaotumika ni mdogo. Jambo la kuangalia ni sauti, kwani vioo vingi vya ofisini havina spika. Atafute king'amuzi chenye matundu mekundu na meupe, na spika ndogo za kuchomeka hapo.

Je, zile tyuna za analojia zitupwe zote? Hapana, na hapa naomba mnisikilize kwa makini wale wenye kanda za video kabatini. Wengi wetu tulioolewa miaka ya tisini, harusi zetu ziko kwenye kanda za VHS. Wengine wana ubatizo wa watoto, kipaimara, hata sauti ya mama mzazi ambaye hayupo tena. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kila deki tuliyo nayo inazeeka, na kanda nazo zinazeeka pamoja nayo.

Kadi nyingi za tyuna za zamani zina tundu la njano la picha. Ukiunganisha deki hapo, kadi hupokea picha ya kanda bila kujali kama mitambo ya nje imezimwa. Usipitie tundu la antena, picha hufifia. Waya mwekundu na mweupe ni wa sauti, na kwa kadi nyingi huenda kwenye tundu la sauti la kompyuta. Tyuna rahisi humwaga picha ghafi, ambayo bila kubanwa hufika GB 75 kwa saa, hivyo prosesa lazima iibane papo hapo. Kadi kama Hauppauge PVR-150 huibana yenyewe kwa MPEG-2, na kwa megabiti 8 kwa sekunde saa moja huchukua GB 3.6 hivi. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kunakiliwa. Hakuna njia ya mkato.

Kadi hizo huingia kwenye tundu la PCI la zamani, ambalo kompyuta mpya nyingi hazina. Ile kompyuta nzee iliyowekwa stoo ndiyo inayofaa, hata bila intaneti. Kama huna, kifaa kidogo cha kunasia video cha USB hufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa wanaoishi pwani: fungua kile kimlango cha kanda na uangalie utepe kwa mwanga. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu. Usiitie kwenye deki, kwani utachafua vichwa na kuambukiza kanda zinazofuata. Iweke kwenye mfuko wake peke yake hadi impate fundi wa kuisafisha, na mwenye pumu asiwemo chumbani unapoifungua.