Nzango: mpinzani asikusome mguu



Mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza baada ya mkutano: kwa nini binti yake, mwenye miguu myepesi na sauti ya kuimba kupita wenzake, anashindwa kila siku katika nzango? Kuna mtu aliyecheka. Mimi sikucheka. Mtoto aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi katikati ya mwaka wa masomo, ambaye hana rafiki hata mmoja katika kalasi, anaingia kwa wenzake kupitia mchezo. Akishindwa kila siku anaitwa wa mwisho, kisha haitwi tena.

Nzango sote tumeicheza. Wawili wanasimama uso kwa uso, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na mwishoni kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Mmoja alikwisha kuchagua kwamba yeye anapata alama miguu ikielekeana, na mwingine anapata ikipishana. Ni mchezo wetu wa Kongo, wa ng'ambo zote mbili za mto, na katika Michezo ya Afrika ya mwaka 2015 kule Brazzaville wanawake waliucheza mbele ya bara lote. Basi asiniambie mtu kwamba ni mchezo wa kupoteza wakati.

Nilimwangalia yule binti siku tatu wakati wa mapumziko. Akishinda kwa mguu wa kuume, anautupa tena wa kuume. Akishindwa, anabadilisha. Ni hivyo tu, kila mara. Wenzake hawajui kueleza jambo hilo kwa maneno, niliwauliza wakabaki wakitazamana, lakini miguu yao inalijua. Mama yake alikuwa amemshauri: «Badilisha, binti yangu.» Akabadilisha kweli: kuume, kushoto, kuume, kushoto. Siku hiyo alishindwa vibaya kuliko zote.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kupokezana si kubadilisha. Anayepokezana ana desturi kama yule anayerudia mguu mmoja, na desturi inasomwa.

Nilifanya jaribio katika kalasi. Kila mtoto aliandika kutoka kichwani mwake mitupo ishirini, K kwa kuume na S kwa kushoto, akijitahidi isiwe na mpango. Halafu tukatia katika mfuko punje mbili za maharagi, moja nyeusi na moja nyeupe. Unatoa moja bila kuangalia, unaandika, unairudisha, unatikisa, mara ishirini. (Kifuniko cha chupa hakifai, kina upande mzito. Sarafu ya Uganda ingefaa, kwa mwenye nayo.) Karatasi zilizotoka kichwani zilikuwa nadhifu mno: K mbili, S moja, S mbili, K moja. Karibu hakuna aliyethubutu kuandika upande mmoja mara nne mfululizo. Lakini maharagi hayaogopi. Katika mitupo ishirini ya namna hiyo, kwa wastani mara tatu katika nne utakuta mahali upande mmoja umefuatana mara nne au zaidi. Kichwa cha mtu kinaona jambo hilo kama kosa, kinakimbilia upande wa pili, na mpinzani anakungoja hukohuko.

Wacheza karata wa ng'ambo wanaujua ugonjwa huu vizuri. Katika mchezo wao uitwao poker, kila mmoja anaficha karata zake na kuweka dau. Anayeongeza dau wakati ana karata nzuri tu hapati kitu, kwa sababu wenzake wakimwona anaongeza wanaweka karata chini na kumwachia vijisenti. Inampasa mara chache aongeze hata akiwa na karata mbovu, ili asijulikane. Mtaalamu wa hesabu John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, alithibitisha mwaka 1928 kwamba katika mchezo wa wawili wa namna hii, ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake, kila mmoja ana njia ya kuchanganya michezo yake ambayo mpinzani hawezi kuivunja hata akiijua. Mwaka 1944 yeye na Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa, na poker imo ndani. Mimi dau la pesa silitaki nyumbani kwangu, tumeona linavyomaliza posho ya watoto. Lakini hesabu yenyewe haina kosa.

Kwa nzango hesabu ni nyepesi. Ukitupa wa kuume mara saba katika kumi, mpinzani wako hahitaji akili nyingi. Anajibu wa kuume tu kila mara, anapata saba. Ukichanganya nusu kwa nusu kwa maharagi, afanye atakalo, kwa wastani atapata nusu.

Mnakumbuka usiku ule wa tarehe 28 Januari 2024, Léopards na Misri, kule San-Pédro, Côte d'Ivoire? Moja kwa moja, kisha penalti, zikaendelea hadi makipa wenyewe wakaitwa kupiga. Kipa wa Misri, Gabaski, akagonga mwamba wa juu. Wetu, Lionel Mpasi, akafunga, ikawa 8 kwa 7. Wapigaji wa kila siku wanachunguzwa, makipa wanajua huyu anapenda upande gani. Kipa akija kupiga, mwenzake ana nini cha kusoma? Kwa maoni yangu, hapo mguu usio na historia ni mali.

Binti yetu sasa anatoa maharagi asubuhi nyumbani, mara kumi, anakariri mpango wake kama wimbo kabla ya kuja masomo. Kesho anatoa mengine. Hashindi kila siku, wala sikumwahidi hivyo. Anashinda karibu nusu, na wanamwita. Nimemwongezea jambo moja: akikutana na mwenye desturi iliyo wazi, aache maharagi, amfuate huyo kwa desturi yake. Ila ajue kwamba wakati huo naye anasomeka, basi asikae huko sana.

Sasa, mama mmoja aliposikia habari hizi akaniambia neno lililonikosesha usingizi. Akasema: «Mwalimu, na sisi tunaotoka soko?» Siku ya soko haibadiliki, ni kweli. Lakini tunarudi saa ileile, njia ileile, na franka zote anabeba mama aliye mkubwa kuliko wote. Nani asiyejua hayo? Hata mtoto wa nzango angeyasoma, sembuse mwenye nia mbaya aliyekaa majanini akihesabu.

Napendekeza hivi, tujadili Jumamosi. Habari za njia zinatangulia yote: waliopita asubuhi wakisema upande fulani si salama, hakuna kura, hatupiti huko, na kama pande zote ni mbaya tunalala kwa ndugu palepale. Kutembea peke yake, hapana kabisa. Lakini njia zikiwa sawa, basi tusichague kwa mazoea, wala kwa kupokezana, juma hili huku, juma lijalo kule. Punje ndani ya mfuko. Moja kwa ajili ya saa ya kuondoka, kabla au baada ya chakula. Nyingine kwa ajili ya njia. Na kwa mbeba franka, punje moja nyeusi kati ya nyeupe, kila mama anatoa yake ndani ya ngumi, anaiangalia peke yake na kunyamaza. Aliyepata nyeusi anajulikana kwa mweka hazina tu, naye anakusanya kwa kila mmoja kana kwamba kila mmoja anabeba.

Mweka hazina, tafadhali uje na maharagi yaliyo sawa kwa ukubwa. Yakitofautiana, vidole vitayajua.